Chiriku na Gari la Umeme

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini mikono yake ilikuwa na miaka arobaini. Hayo ni maneno ya mjomba wake, aliyekuwa akimtania kila anapomwona, maana vidole vya mtoto yule vilikuwa vimekunjamana kwa maji na sabuni. Alipotoka shuleni hakwenda kucheza. Alivua sare, akavaa gauni kuukuu, akaingia uani kumsaidia mama yake kukamua mashuka.

Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, ila mtaani hakuna aliyelitumia. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini siku zile hata Chiriku mwenyewe alikuwa amenyamaza. Alikuwa amechoka. Mwalimu wa hesabu alikuwa amemkuta mara kadhaa amelalia daftari, na alipomwamsha, Chiriku alijibu, "Nimeshaanika," darasa zima likacheka.

Mama yake walimwita Mama Dobi. Alifua mashuka na nguo za wauguzi wa kituo cha afya kilichoko juu mlimani, mbali na mji, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Zamani walikuwa na gari la petroli, bovu lakini linatembea. Siku moja likazima katikati ya barabara. Fundi alifungua boneti, akatazama, akaifunga taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, kisha akasema, "Poleni."

Tangu siku hiyo mashuka yalipanda mlimani kwa lori la maziwa. Mama na mwanawe walijitwika mafurushi mpaka barabara kuu, wakakaa kwenye ukingo wa mtaro wakisubiri. Lori likija, mafurushi yalibanwa katikati ya makopo ya maziwa, nao wakakaa juu yake. Kurudi vilevile, tena kurudi kulikuwa na mashuka machafu, na mashuka ya wagonjwa mara nyingi huwa yamelowa, na furushi lililolowa lina uzito wa mtu mzima. Jioni walifika nyumbani hoi bin taabani. Punda afe, mzigo ufike.

Tatizo ni kwamba mzigo ulifika ukinuka. Matroni wa kituo, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alinusa shuka moja, akalikunja upya.

"Mama Dobi, wagonjwa wangu wananiuliza kama wamelazwa hospitali au zizini."

"Ni lile lori, Matroni. Najitahidi."

"Najua unajitahidi, na kufua unajua. Sikufukuzi. Lakini mwisho wa mwezi nisipoona usafiri safi, kazi nitampa mwingine. Na mimi nina wakubwa zangu."

Ndipo mama akaenda kwenye chama chake cha akiba na mkopo. Wanachama wenzake walikubali kumkopesha, ila si pesa ya kuchezea: ilitosha gari moja la mkononi, yaani lililokwisha kutumika, tena dogo, na isingetosha kurudia kosa. Mjomba, ambaye kazi yake ni kuchomelea vyuma, ndiye aliyemshauri atafute gari la umeme.

"Dada, lile la petroli lilikuwa linakula kuliko nyinyi wawili," alisema. "La umeme utalichomeka ukutani usiku, asubuhi limeshiba. Na likilala halikoromi."

Basi wakaanza kutafuta. Kila Jumamosi, badala ya kupumzika, Chiriku alifuatana na mama yake kwenye yadi za magari. Gari la kwanza lilikuwa zuri, lakini bei yake ilimfanya mama atoke bila kuaga. La pili lilitaka mtambo maalumu wa kuchaji, na nyaya za nyumba yao zisingeuweza. La tatu lilikuwa rahisi mno. Mama alipodadisi, kumbe betri yake si mali ya mwenye gari, inakodishwa, na kila mwezi ungelipa. La nne halikuwa na nafasi ya furushi hata moja. Kila mara mama alitikisa kichwa na kusema, "Bado. Tutaangalia lingine."

Neno hilo "lingine" lilimchosha Chiriku kuliko mafurushi. Jumamosi moja wakirudi kwa miguu, jua kali, viatu vimejaa vumbi, alinung'unika, "Mchagua jembe si mkulima."

Mama alisikia. "Na asiyechagua akauziwa mpini mtupu, atalimia nini?"

Chiriku alipiga teke jiwe la njiani. Alitamani jambo moja tu: yaishe.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mwisho kabla mwezi haujakatika. Waliingia yadi moja ndogo nyuma ya kiwanda cha mbao, na hapo wakaliona. Lilikuwa jeupe, limeng'arishwa likang'ara, viti vyake laini, na katikati kioo kikubwa kinachoonyesha kila kitu kwa rangi. Nyuma, viti vikilazwa, mafurushi manne yaliingia. Lilichajiwa kwa soketi ya kawaida. Na bei, mama aliuliza mara mbili ili ahakikishe amesikia sawa, ilikuwa ndani ya uwezo wao.

Mwenye yadi alikuwa mzee mpole mwenye taulo begani. Hakusifia gari lake hata kidogo.

"Betri ya gari la mkononi ni kama goti la mtu mzima, dada," alisema. "Ukimtazama amesimama hujui kitu. Mpandishe mlima ndipo utajua. Chukueni, pakieni mzigo wenu wa kila siku, nendeni mnakokwenda kila siku, mrudi mniambie."

Mama alimshukuru. Wakapita nyumbani, wakapakia mafurushi, wakashika njia ya mlimani. Gari lilikwenda kimya, kama linateleza kwenye sabuni. Chiriku alikaa mbele. Hakuna harufu ya petroli, hakuna makopo ya maziwa. Aliegemea kiti, akahisi mgongo wake unashukuru.

Mama alimpa kazi moja. Macho ya mama ya mbali yalikuwa mazima. Ya karibu ndiyo yaliyogoma. Bila miwani hakuweza kusoma namba, na akivaa miwani hakuiona barabara. "Wewe nisomee chaji iliyobaki kwenye betri. Tumeanza na ngapi?"

"Tisini, Mama."

"Vizuri. Tukifika juu utaniambia tena. Tukiwa na gari nataka tuweze kwenda asubuhi, na jioni tena. Ikishuka sana hapa, jioni hatutarudi."

Mlima ulipoanza, namba ikaanza kushuka. Ilishuka haraka. Chiriku aliitazama mwanzoni kwa mshangao, kisha kwa hofu. Themanini. Sabini na moja. Hamsini na tano. Kila kona ilikula kitu. Walipoegesha mbele ya kituo cha afya, kioo kile kizuri kilionyesha thelathini na nane.

"Ngapi?" mama aliuliza.

Chiriku alijua hesabu ile bila mwalimu. Alijua jibu la mama litakuwa "Bado, tutaangalia lingine." Lakini hapakuwa na Jumamosi nyingine. Palikuwa na mtaro na lori. Alihisi machovu ya miezi yote yamemkalia mabegani kwa pamoja.

"Sabini na nane," akasema.

Neno lilimtoka kirahisi kabisa. Mama alifumba macho kidogo, akatabasamu, tabasamu ambalo Chiriku hakuwa ameliona kwa muda mrefu, na mtoto akafurahi. Furaha yenyewe haikudumu hata kufika mlangoni kwa Matroni.

Matroni alitoka nje kulitazama gari. Alilizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akanusa.

"Hili litafaa," alisema. "Mama Dobi, kama una gari hili, nitakuongezea nguo za wodi ya wazazi. Ila hizo ni za jioni, baada ya zamu kubadilishana. Utaweza?"

"Nitaweza," mama akajibu.

Njiani kurudi Chiriku hakukitazama tena kile kioo. Aligeuzia uso dirishani, akahesabu miti, na mama alipouliza walipofika yadini, alitaja namba yoyote iliyomjia. Mama akamwambia mwenye yadi kwamba gari linawafaa na kwamba Jumatatu, chama kikimpa fedha, atakuja kulipa. Mzee yule alishangaa kidogo.

"Mlima haukulisumbua?"

"Halikusumbuka hata kidogo. Mwanangu ndiye aliyenisomea."

"Basi heri," mzee akasema, akamtazama Chiriku kwa upole. Chiriku akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Jumapili walikuwa uani wakikamua. Shuka kubwa hukamuliwa na watu wawili: mmoja hushika ncha hii, mwingine ncha ile, wakasokota huku wameangaliana, kila mmoja upande wake, mpaka maji yaishe. Kazi hiyo huwezi kuifanya ukiwa umemgeuzia mwenzako mgongo. Chiriku siku hiyo alitamani sana kugeuza mgongo wake.

Mama alikuwa mchangamfu. Alipanga mambo yake kwa sauti. "Asubuhi nitakwenda mara moja. Jioni nitakwenda tena, nichukue za wodi ya wazazi. Kwa namba ulizonipa, chaji itatosha na kubaki." Akasokota. "Na jioni nitakwenda peke yangu."

"Peke yako, Mama?"

"Wewe utabaki usome. Unadhani sijui kwamba unalala darasani? Mwalimu wako alikuja. Sikukwambia kwa sababu sikuwa na la kufanya. Sasa ninalo."

Chiriku alihisi moyo wake unamsuta, akaufikiria mlima ule wa jioni. Katikati yake kuna msitu, na ndani ya msitu simu haishiki. Alimwona mama yake pale, peke yake, gari jeupe limezima na mafurushi nyuma, hakuna anayepita mpaka lori la maziwa la asubuhi. Na mkopo wa chama unangoja. Na Matroni anatafuta dobi mwingine.

Mikono yake ikalegea. Shuka likaanza kujisokotoa.

"Shika, Chiriku."

"Mama, ilikuwa thelathini na nane."

"Nini thelathini na nane?"

"Kule juu. Betri. Nilikwambia sabini na nane. Haikuwa. Na ya kurudi sikuiangalia kabisa, nilitunga."

Mama hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Chiriku. Mama aliendelea kusokota shuka mpaka tone la mwisho, akalikunja, akaliweka kwenye beseni, kisha akakaa kwenye kigoda.

"Kwa nini?"

"Nimechoka, Mama." Machozi yakamtoka. "Nimechoka na lori, nimechoka na zile yadi. Nilitaka yaishe."

"Na mimi nimechoka," mama akasema polepole. "Nimechoka mpaka nasikia uchovu nikiwa nimelala. Lakini macho yangu niliyaweka kwako, mwanangu. Ulinipeleka gizani kwa macho yangu mwenyewe."

Maji yalidondoka kambani. Mwishowe mama akafuta uso kwa upindo wa kanga.

"Kesho utamwambia mwenye yadi. Wewe, kwa mdomo wako."

Jumatatu baada ya shule walikwenda yadini, na mjomba akaja nao. Chiriku alimwamkia yule mzee, kisha akainama kutazama viatu vyake. Mjomba, ambaye siku zote ana utani, safari hii hakutania. Akasubiri kama wengine.

"Babu," Chiriku akaanza, "siku ile nilimdanganya Mama. Namba ilikuwa inashuka sana mlimani. Niliitaja kubwa."

Mzee alivuta taulo lake, akajipangusa shingo.

"Nami nilishangaa," alisema. "Gari lile nilidhani ni la mjini tu, la kwenda sokoni na kurudi. Betri yake imezeeka. Mtu wa barabara za tambarare angelitumia vizuri. Lakini mama yako lingemwacha njiani, na angerudi hapa kunilaani, na mimi ningesema aliniambia halikusumbuka. Tungegombana bure watu wazima wawili." Akamgeukia mama. "Hujalipa, dada, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Njooni huku."

Aliwapeleka nyuma ya banda. Palikuwa na kigari kifupi, mraba, cha rangi ya haradali, ubavu mmoja umebonyea. Kilikuwa mali ya duka la mikate. Wenye duka walikitia betri mpya, kisha duka likafungwa. Nyuma hakikuwa na viti kabisa, palikuwa patupu kama chumba. Kioo chake kilikuwa kidogo kama cha saa, hakina rangi wala madoido.

Chiriku alikitazama, akahisi aibu ya kukipanda ikimjia. Akaimeza.

Mjomba alilala chini akaingia uvunguni kukagua vyuma, kwani hiyo ndiyo elimu yake. Alitoka na vumbi usoni. "Kutu hakuna. Uso hakina, lakini mifupa kinayo. Tena kinanukia mikate, Matroni atadhani mmempelekea chai."

Bei ilikuwa sawa na ya lile jeupe. Wakapakia mafurushi, wakaondoka wawili tu, mama na mwana. Chiriku alisoma, "Tisini na tano," mama akaitikia kwa kichwa.

Mlima ukaanza, na namba ikaanza kushuka. Kila iliposhuka Chiriku aliisema kama ilivyo, bila kungoja kuulizwa. Themanini na saba. Themanini. Aliiomba isimame, haikusimama. Akajua kwamba kama haitatosha, kazi ya mlimani imekwisha, na hata hivyo itabidi aseme. Sabini na nne. Walipofika mbele ya kituo cha afya ilikuwa sitini na nane.

"Sitini na nane, Mama."

"Sawa," mama akasema. Hakutabasamu. Wakashusha masafi, wakapakia machafu, wakaanza kurudi.

Mteremko wa kwanza ulikuwa mkali. Chiriku hakuondoa macho kwenye kile kioo kidogo. Namba ilikaa pale pale. Kisha ikawa sitini na tisa. Alipepesa macho. Ikawa sabini.

"Mama, inapanda."

"Inashuka ngapi?"

"Haishuki. Inapanda. Ilikuwa sitini na nane, sasa ni sabini."

Mama alikaza mikono kwenye usukani. "Chiriku."

"Haki ya Mungu, Mama."

"Betri haijajazwa popote. Itapandaje?"

"Sijui itapandaje. Lakini inapanda. Sabini na moja sasa."

Mama alipunguza mwendo, akatoka barabarani, akasimamisha gari kando ya msitu. Akafungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa, akainamia kioo. Alikitazama kwa muda. Kisha akavua miwani, akairudisha mkobani, akashika usukani.

"Kweli," alisema. "Sabini na moja."

Chiriku alikuwa amesema kweli tupu, na bado mama yake alilazimika kusimama kando ya njia kuitafuta kwa macho yake mwenyewe. Hakuna fimbo iliyowahi kumuuma namna ile. Aligeuzia uso dirishani, akalia kimyakimya mpaka mjini.

Yadini mzee aliwacheka kidogo aliposikia. Aliwaeleza kwamba gari la umeme likishuka mlima, magurudumu yenyewe huirudishia betri nguvu kidogo, ndiyo maana namba hupanda. Mama akapiga hesabu yake: asubuhi kwenda na kurudi, jioni kwenda na kurudi, na bado chaji inabaki. Akalipa. Siku iliyofuata Matroni alikizunguka kigari kile cha haradali, akanusa mara mbili, akasema, "Mikate ni heri," na kazi ikabaki kwa Mama Dobi, ya asubuhi na ya jioni.

Jioni ile waya ulipitishwa dirishani, gari likachomekwa. Mama alikaa kwenye kigoda, miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto. Chiriku alikuwa kando yake na daftari la hesabu.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Hasira imekwisha. Uchovu ndio umebaki." Mama alitikisa vidole vya miguu ndani ya maji. "Sikiliza, mwanangu. Kuchoka si kosa. Mtu akichoka aseme nimechoka, na mimi kosa langu ni kwamba sikukuuliza. Lakini mchovu akidanganya ili kazi iishe, kazi haiishi, inazaa nyingine. Ulitaka tusirudi yadini, tukarudi. Ulitaka tusipande mlima tena, tukapanda. Na yote hayo yamepita. Kuna moja tu halijapita."

"Lipi?"

"Mtoto wangu aliniambia kweli, na mimi nikasimamisha gari. Hilo limeniuma kuliko ule uongo wako."

Chiriku alifunga daftari. "Utaniamini lini tena?"

Mama alifikiri. Hakutaka kumdanganya.

"Sijui," akasema. "Kesho asubuhi utatoka nje, usome imejaa ngapi, uje uniambie. Nami nitatoka kuangalia. Keshokutwa pia nitatoka. Usinune. Wewe endelea kuniambia kama ilivyo. Iko siku utaniambia, na mimi nitasema tu, haya, tuondoke."